Uso Nao Husema



Ndugu zetu Waislamu, siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi katika darsa yetu, tukisoma mlango wa adabu. Akaingia mtu aliyetoka kazini huko ziwani, nguo zake zimekauka kwa vumbi la magadi, viatu vyake mkononi. Alitoa salamu nasi tukamrudishia kama ilivyo wajibu; ulimi haukukosea hata herufi moja. Lakini mmoja wetu aliivuta kanzu yake isiguswe, mwengine alimtazama tangu utosini hata nyayoni, na msomaji hakuinua macho kitabuni. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akaketi nyuma, karibu na mlango. Darsa iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Tulipomkuta sokoni tukamwuliza sababu, naye akatujibu kwa upole: "Nilikuja, masheikh, lakini mliniambia niondoke." Tukakana kwamba hatukusema neno hilo. Akasema: "Kwa midomo hamkusema."

Jawabu hilo limetukosesha raha, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Sisi tulikuwa tukisoma adabu kitabuni, na papo hapo miili yetu ikisoma kinyume chake.

Basi na tukumbuke Surat Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kuwa watasilimu, ndipo akamjia Abdullahi bin Ummi Maktum akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Abdullahi alikuwa kipofu. Uso ule hakuuona. Juu ya hivyo, Mwenyezi Mungu aliteremsha Aya juu ya jambo hilo, nazo zasomwa hata leo. Ikiwa mkunjo wa uso usioonekana na mwenyewe aliyekunjiwa una uzito kama huo, je, uzito wa ule tunaomkunjia mwenye macho mawili ni kiasi gani? Wazee wetu walisema, macho hayana pazia.

Wala si hapo tu. Luqman alimuusia mwanawe asiwageuzie watu shavu lake kwa kiburi, wala asitembee kwa maringo. Surat Al-Mutaffifin inawataja wakosefu waliokuwa wakikonyezana kila wakipitiwa na Waumini. Kwa upande wa kheri, Jarir bin Abdillahi alisimulia kwamba tangu aliposilimu, Mtume hakumwona ila alitabasamu usoni pake. Na Mtume mwenyewe alifundisha kwa mikono: aliunganisha vidole viwili alipotaja ukaribu wake na mlezi wa yatima huko Peponi, na alipowafananisha Waumini na jengo alivifumbata vidole vyake, hiki ndani ya hiki.

Sasa tutazame hapa kwetu. Kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, na tangu hapo Ziwa Magadi limewavuta watu wa makabila mengi kuja kufanya kazi katika nchi ya Wamasai. Kitengela nayo imejaa watu kutoka kila pembe ya Kenya. Kila watu wana lugha yao ya mwili. Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa mbele ya mzee ili atiwe mkono utosini, na hiyo ndiyo amkio lake. Mzee wa Kimasai anaweza kumtemea mtu mate kidogo kwa kumbariki, na mgeni asiyejua akadhani ametukanwa. Vijana wetu wengi wamelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kijana huyo akienda kutaka kazi, na mwenye kuajiri akawa amefundishwa kwamba mkweli humkazia mtu macho, ataonekana mwongo, na riziki yake itapotea kwa sababu ya heshima yake. Ni dhuluma isiyoandikwa katika daftari yoyote.

Kwa hivyo yatupasa mambo manne.

Kwanza, tusihukumu upesi. Surat Al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi. Aliyekunja uso huenda ana maumivu, au ana deni, au amefanya kazi usiku kucha. Usilolijua kwa macho, uliza kwa ulimi.

Pili, wazazi na walimu wawafunze vijana desturi zote mbili: ya nyumbani, na ile ya mahali wanakokwenda kutaka kazi, wajue lini kuinamisha macho na lini kuyainua. Na mwenye kuajiri aipime kazi ya mtu kabla ya kuyapima macho yake.

Tatu, kazini mnakochanganyika wanaume na wanawake, asiyependa kumpa mkono asiye maharimu wake asirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Na aweke mkono kifuani, atabasamu, aseme neno jema. Hapo atakuwa ameihifadhi dini yake bila ya kumvunjia mtu heshima.

Nne, tusimwache kiziwi na bubu. Mafakihi wameikubali ishara ya bubu iliyo wazi katika kuuza na kununua na hata katika ndoa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Ni darsa zetu ngapi zilizo na mtu mmoja tu wa kumfasiria kiziwi?

Hatusemi watu wavae tabasamu kama nguo ya Idi, la. Tabasamu lisilo na moyo ni unafiki, na watu hulijua. Tunasema moyo utengenezwe, na mwili uufuate. Na leo kuna namna mpya ya kumgeuzia mtu shavu: anakuelezea shida yake, nawe macho yako yamo katika simu.

Kila mpishi ajua kwamba maharage magumu hulainika kwa magadi kidogo tu. Uso mkunjufu nao ndivyo ufanyavyo kwa moyo wa mgeni, nao hauuzwi dukani.

Yule ndugu tulimwendea nyumbani kwake, tukamwomba radhi, naye akatusamehe. Mpaka tuandikapo haya bado hajarudi darsani, wala hatumlaumu. Alitusoma mara moja, akatufahamu vibaya kwa haki. Nafasi yake tumeiacha mbele, si mlangoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu, na azifanye nyuso zetu zisitoe ushahidi kinyume cha ndimi zetu. Amin.