Bidii Nayo Ina Wazazi

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hapa Songea husikika usemi mmoja: "Mbona mtoto wa fulani, mkulima kama sisi, amefika chuo kikuu?" Husemwa kwa kumsifu huyo mmoja, lakini aghalabu hukusudiwa kuwafunga wengine midomo. Kijana wa nyumba maskini aliyefaulu hugeuzwa shahidi wa mashitaka dhidi ya wenzake: kama yeye ameweza, basi wao ni wavivu. Yafaa tuupime ushahidi huo.

Kwamba bidii ipo, na kwamba ina thamani yake, sibishi. Lakini bidii nayo hulelewa. Mtoto wa mwalimu hana damu tofauti na ya mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Amekuta kitabu mezani, amemwona mtu mzima akisoma bila kulazimishwa, na akikwama ana wa kumuuliza. Mwenye kuyapata hayo huyaona ni ya kawaida kama hewa, kisha mavuno yote huyahesabu kuwa ni jasho lake.

Tena jambo hili lina historia. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Aliyezaliwa jirani na misheni aliweza kujifunza kusoma. Aliyezaliwa mwendo wa siku chache kutoka hapo alikosa. Leo mjukuu wa yule wa kwanza husifiwa kwa akili za kuzaliwa. Akili za kuzaliwa! Babu yake alikaa karibu na kengele ya shule, basi.

Msomaji huenda akasema kwamba hayo yamepita, kwani hata ada za kidato cha tano na sita katika shule za serikali zilifutwa mwaka 2022. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini tazama kalenda. Vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Kwa mkulima wa mahindi wa huku, majuma hayo ndiyo ya kutafuta mbegu na mbolea kabla mvua hazijashika. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Njombe na Iringa. Nauli, godoro na fedha ya kuanzia maisha vinatoka katika mfuko ule ule wa mbolea. Baba huyo hachagui kati ya elimu na ujinga, bali kati ya mtoto mmoja na chakula cha wadogo zake mwakani.

Na kijana aliyeondoka na fedha ya mbolea hasomi kama mwenzake. Mtoto wa tajiri akirudia somo, ni kisa cha kuchekesha marafiki. Huyu akirudia somo, nyumba nzima imerudia. Ndiyo maana wengi wa namna yake huchagua kozi fupi, yenye ajira ya haraka, wakaiacha ile waliyoipenda na kuiweza. Nasi tukiona, twasema hawana ndoto kubwa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwauliza waombaji hali za familia zao. Wapo wanaonung'unika: kwa nini umaskini wa baba uwe sifa ya mwana? Naona wamechelewa kuuliza. Utajiri wa baba umekuwa sifa ya mwana miaka yote, wala hakuna aliyeujazia fomu. Langu mimi ni dogo zaidi: maombi yenyewe yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini na intaneti, na nyumba iliyokusudiwa kusaidiwa ndiyo isiyo na mtu anayejua kuyajaza.

Mkoa wetu uliwahi kujaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1960 kijiji cha Litowa, kitovu cha umoja wa vijiji vya ujamaa ulioitwa RDA, kilikuwa na shule ambayo watoto wa vijiji hivyo waliishi pamoja, wakisoma, wakilima na kujiendeshea mambo yao. Umoja huo ulivunjwa na TANU Septemba 1969. Shule ile haikuwaandaa watoto kukimbilia mjini, na wala sitamani watoto waondolewe kwa wazazi wao. Ninachokiona pale ni kwamba taa ya kusomea si lazima iwe mali ya baba mmoja mmoja.

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda kuleta kingine. Mfano huo hutumiwa kumkumbusha msomi deni lake kwa taifa. Mimi huniletea watu wa karibu zaidi, hasa dada. Katika nyumba nyingi za huku yupo dada aliyeacha shule ili palizi isisimame na wadogo wapate wa kuwapikia, kaka akasonga mbele. Nimehudhuria sherehe nyingi za kuwapongeza wahitimu. Hutajwa Mungu, wazazi, walimu, na mjomba aliyetoa nauli. Dada yuko jikoni, anapakua pilau.