MAJARIDA YA RANGI NA ARUSI ZETU



Twataka kusema nanyi, ndugu zetu Waislamu wa Ukunda na viunga vyake, juu ya majarida ya rangi yatiwayo ndani ya magazeti ya mwisho wa juma, ambayo mnunuzi huyahesabu kuwa ni ya bure. Hatusemi kuwa kusoma gazeti ni haramu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotaka kuwaamsha Waislamu wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Tusemalo ni kuwa kitu cha bure kina mlipaji wake, na yatupasa kumjua.

Huko London, gazeti la Sunday Times lilianza kutoa jarida lake la rangi tarehe 4 Februari 1962. Mwenye gazeti, Roy Thomson, alikuwa mfanya biashara. Wenye bidhaa walitaka pa kutangazia vitu vyao kwa rangi, naye akawapa. Kwetu Kenya tumeliona Saturday Magazine ndani ya Saturday Nation, na Pulse ndani ya The Standard, tena siku ya Ijumaa! Njia ni ile ile: mwenye bidhaa hulipia ukurasa, na kiuzwacho ni macho yetu. Ili macho yatulie hapo, hutiwa habari za fulani kaachwa, na fulani kaonekana na nani. Aliyesoma Sura ya Hujurat aijua hukumu ya kupeleleza na kusengenya, wala haikutenga maneno ya kinywa na ya wino.

Lakini madhara tuyaonayo zaidi hapa petu ni ya arusi. Binti huona picha ya bibi arusi pwani ya Diani, nguo yaburura mchangani, keki ya ghorofa tatu, meza zimejaa maua. Mama humwonesha shoga yake. Kisha hesabu hupelekwa kwa kijana wa bodaboda, au wa hotelini ambaye wageni wakipungua huachishwa kazi. Asiye nazo hukopa kwa riba, na amwogopaye Mungu huahirisha mwaka baada ya mwaka. Je, twamlaumu kwa zinaa ilhali sisi ndio tuliomfungia mlango wa halali? Na huenda yule bibi arusi wa pichani ni mtu aliyeajiriwa kuvaa tu: hana mume wala deni.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka mtu atafute japo pete ya chuma awe na mahari. Alipoikosa, akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi.

Basi enyi wazazi wenye posa mwaka huu, kaeni na wakwe mapema, mkadirie mambo kwa uwezo wa kijana. Nikaha ifungwe msikitini baada ya Laasiri. Halua na kahawa zitatosha.