Adabu Ndani ya Ndege

Ndege inapotua, hata kabla haijasimama, wengi wetu huwa tumekwisha kuinuka kuteremsha mizigo, tukiwasukuma wazee na akina mama wenye watoto. Mwingine hulaza kiti chake nyuma wakati jirani anakula. Tukikanywa, twajibu: “Nimelipa nauli.” Je, nauli yatupa haki ya kumsahau jirani?

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, zikawaka moto. Katika ile ndogo walikufa watu watano kati ya sita. Lakini wote 379 wa ile kubwa walitoka hai. Waliamriwa waache mizigo, wakaiacha. Maana anayesimama njiani kuvuta sanduku lake huwazuia walio nyuma yake, na moto haungoji.

Sisi tuliofundisha twajua: mtoto asiyezoezwa kungoja zamu yake siku ya amani hataweza kungoja siku ya hatari. Basi adabu si pambo. Safari ijayo, tukae mpaka taa ya mikanda izimwe, kisha tumpishe aliye mbele yetu. Huko ndiko kujizoeza.