Kwa Mwendo wa Watoto na wa Kondoo



Somo letu la mwezi huu latoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, mstari wa 12 hadi wa 17. Twaomba kila nyumba ifungue Biblia na kuisoma sehemu hiyo, maana hatutainakili hapa. Ndugu wawili wamekutana baada ya miaka mingi ya uhasama. Esau amekuja na watu 400. Wamekumbatiana, wamelia, zawadi zimepokelewa. Sasa Esau asema, haya, tushike njia, nami nitatangulia. Yakobo akataa kwa adabu. Amweleza kwamba watoto ni wachanga, na mifugo ina wanaonyonya, na wakiswagwa kwa nguvu siku moja tu, kundi lote litakufa. Basi Esau atangulie, na yeye atafuata polepole, kadiri wanyama na watoto wanavyoweza.

Wako wafasiri wasemao kwamba Yakobo alikuwa akimkwepa ndugu yake tu, kwa kuwa hakufika Seiri alikoahidi, bali aligeukia Sukothi. Huenda. Yakobo hakuwa malaika, na hatuna haja ya kumtetea. Lakini hata mtu mwenye hila aweza kusema neno la kweli, na neno hili la mwendo ni la kweli. Tena tusisahau kwamba yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa akichechemea, baada ya kushindana usiku kucha pale Penueli. Aliyekuwa akiongoza msafara alikuwa mmoja wa wale wasioweza kwenda mbio.

Tulilikumbuka sana somo hili katika Ufaransa ya kaskazini, tulipopata nafasi ya kusafiri kwa baiskeli siku nne pamoja na Wakristo wenzetu wa Uingereza walio na urafiki na mtaa wetu. Najua wengine mtashangaa: baiskeli ya kujifurahisha? Kwetu baiskeli ni punda. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya mkaa, hata mgonjwa anayepelekwa zahanati amekaa kwenye keria. Mtu anayeendesha kutwa bila mzigo wala shughuli tungemwuliza kama amelala vizuri. Wenzetu kule hufanya hivyo wakati wa likizo, wazee kwa vijana, na wala hawaoni haya.

Njia tuliyoifuata huitwa Avenue Verte, yaani Barabara ya Kijani. Inaunganisha London na Paris, na ilifunguliwa mwaka 2012. Baharini huvuka meli kutoka Newhaven hadi Dieppe, safari ya saa nne hivi. Kisha, kutoka karibu na Arques-la-Bataille mpaka Forges-les-Eaux, kiasi cha kilometa 45, mtu hupita juu ya tuta la reli ya zamani. Reli ziling'olewa, lami ikamwagwa, na magari hayaruhusiwi. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, waliojenga tuta lile walilipandisha kidogo kidogo mno, na leo faida yao inamfikia mtoto mwenye baiskeli ndogo.

Tulikuwa tisa. Mdogo wetu alikuwa mvulana wa miaka 10, mkubwa wetu mama mjane wa miaka 71 kutoka hapa mtaani, ambaye wote, wageni na wenyeji, walimwita Bibi. Alijifunza baiskeli akiwa msichana, kwa baiskeli ya baba yake, mguu mmoja ukipitishwa chini ya mtaimbo. Kanuni yetu ilikuwa moja: Bibi na mvulana watangulie, wenye nguvu wakae nyuma. Hata mwenye pancha alisubiriwa na wote mpaka kiraka kishike. Siku ya kwanza kijana wetu mmoja, mwenye miguu ya chuma, ilimchoma sana kanuni hii.

"Bibi," akasema, "kwa mwendo huu tutafika kesho."

"Kesho nayo ni ya Bwana, mjukuu wangu. Wewe piga kengele tu."

Basi tukaliona bonde la mto Béthune jinsi lilivyo. Nchi ile huitwa Bray. Udongo wake ni wa mfinyanzi, unashika maji, haupendi sana jembe. Kwa hiyo watu wake tangu zamani ni watu wa majani, ng'ombe wa maziwa na miti ya matofaa. Mashamba yamezungushiwa nyua za miti hai. Mjini Neufchâtel-en-Bray hutengenezwa jibini yenye umbo la moyo, nyeupe, laini, na ngozi yake ni kama mahameli. Tuliila kandokando ya njia kwa mkate, na Bibi akasema chumvi imezidi, lakini akaomba kipande cha pili.

Siku ya tatu tuliiacha njia ya reli tukapanda msitu wa Eawy, ambao una hekta zaidi ya 6,000. Humo kuna barabara moja iliyonyoka kama uzi kwa muda wa kilometa 14, na pande zote mbili imesimama miti mirefu yenye gome laini la kijivu, kama nguzo za kanisa kuu. Hakuna magugu mengi chini yake, kwa sababu majani hulizuia jua. Mtu akiacha kukanyaga pedali husikia matone yakianguka kutoka jani hadi jani, ingawa mvua imekwisha muda mrefu. Tulipanda mlima ule kwa kusukuma baiskeli, na si aibu kusema hivyo. Karibu na Ardouval, chini ya miti ile ile mizuri, yako magofu ya saruji mahali paitwapo Val Ygot. Hapo mwaka 1943 Wajerumani walijenga mtambo wa kurushia mabomu yanayoruka, na uelekeo wake ulikuwa London. Ulipigwa kutoka angani kabla haujarusha hata moja. Mvulana wetu alitaka kujua kama miti ilijua. Hatukuwa na jibu.

Je, safari kama hii yamfaa Mkristo? Tunaamini yamfaa. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, na mnyama, na mgeni aliye malangoni. Bwana wetu naye, katika Marko 6, alipoona mitume wanakosa hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike kidogo. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kuchoka ndiyo ishara ya utakatifu. Hao wasome sura ile tena, maana aliyewaambia wapumzike ndiye aliyewatuma.

Lakini hatukukusudia kuandika ukurasa huu kwa ajili ya jibini na msitu. Tumeuandika kwa ajili ya jambo la asubuhi ya kwanza kule Arques-la-Bataille, ambalo tumeliacha mpaka hapa ili tulieleze kwa nafasi.

Karibu na kijiji hicho yako makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza. Anayepita kwa gari huona ukuta mfupi na majani yaliyokatwa vizuri, kama katika mamia ya makaburi mengine ya nchi ile. Sisi tulikuwa na muda, tukashuka. Mawe ni meupe, ya kimo kimoja. Tulipoinama kusoma tulikuta majina ya Kiafrika, jiwe baada ya jiwe. Zaidi ya 200 kati ya waliolala pale ni watu wa Kikosi cha Wafanyakazi Waafrika kutoka Afrika Kusini.

Kati ya mwaka 1916 na 1918 watu kama 21,000 wa kikosi hicho walipelekwa Ufaransa. Hawakupewa bunduki. Walipakua meli, walivunja mawe, walitengeneza reli, na walikata miti katika misitu kama hii tuliyokuwa tukiisifu. Walikaa ndani ya kambi zilizozungushiwa ua, wasichanganyike na wenyeji. Arques palikuwa na hospitali yao, na wengi waliokufa waliuawa na magonjwa. Wenzao zaidi ya 600 hawakufika kabisa: tarehe 21 Februari 1917 meli yao, Mendi, iligongwa na meli nyingine katika ukungu karibu na kisiwa cha Wight, ikazama.

Hapo mawazo yetu yalirudi nyumbani, wala hayakulazimishwa. Katika vita hiyo hiyo wapagazi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa mamia ya maelfu. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umebeba jina la kikosi chao mpaka leo, na Nairobi nako iko Kariokor. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916 akitembea pamoja nao. Walioangamizwa na risasi ni wachache kuliko walioangamizwa na njaa, kuhara, malaria na uchovu. Yakobo alisema juu ya kundi linaloswagwa kupita kiasi. Hapa palikuwa na watu, waliswagwa miaka na si siku moja, na wakafa vile vile alivyosema.

Tena makaburi yao yako wapi? Watu wa Arques wana jiwe na jina kila mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati yake, ikakiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ndugu, hiyo ni hesabu ya watu waliobatizwa na wasiobatizwa, wenye mama. Baadhi yao walitoka katika vijiji vyetu.

Bibi alianza na jiwe la kwanza. Alisoma jina kwa sauti, polepole, kwa matamshi yake mwenyewe, akaenda la pili. Mvulana wa Kiingereza alimfuata akimsaidia pale herufi zilipofifia. Kijana wetu mwenye miguu ya chuma alikuwa amekwisha kutangulia kama kilometa nane; alirudi akitokwa na jasho kututafuta, akatukuta tumefika safu ya tatu. Akalaza baiskeli yake kwenye majani, akavua kofia, akaanza safu ya nne. Ilipokaribia saa sita ndipo tulipomaliza. Siku hiyo tulienda kilometa 17 tu.

Baada ya kurudi tumezungumza na halmashauri ya mtaa, na imekubali jambo moja. Kila nyumba yenye jina la babu au babu mkuu aliyechukuliwa upagazi katika vita ya 1914–1918, akarudi au asirudi, ilete jina hilo kwa katibu wa mtaa kabla ya mwisho wa Oktoba. Kama jina limesahauliwa, leteni jina la ukoo na la kijiji alikotoka. Waulizeni wazee sasa, wala msingoje. Yote yataandikwa kwa wino katika daftari litakalokaa sakristia, nayo yatasomwa tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, katika Ushirika wa saa moja asubuhi. Bibi atakuwa msomaji wa kwanza. Wenye watoto wadogo na waleteni chai, maana huenda tukakaa hadi adhuhuri.