Kabla Hujasema Serikali Ituache

Wajukuu zangu,

Juzi hapa Ruanda, pale njia ya Iyula inapochepuka kutoka barabara kuu, kijana wa bodaboda alinipakia kunirudisha nyumbani. Kofia ngumu alikuwa nayo, ameitundika kwenye usukani. Nikamuuliza mbona haivai. "Babu, kichwa ni changu. Serikali ituache tupumue." Tulipofika, wakati napekua koti kutafuta noti, akaanza wimbo mwingine: serikali haijatupa mikopo, haijachonga barabara, haijatufanyia lolote. Sikumjibu kitu, nilikuwa nahesabu chenji. Jibu lake ndilo hili, nanyi lisikieni.

Msidhani nimetumwa kuitetea serikali. Nimeiona ikiingia mpaka jikoni kwa watu. Novemba 1973 ilitoka amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Wajomba zangu waliokuwa bondeni walihamishwa, wakaacha migomba imebeba mikungu. Hakuna aliyewapiga. Waliambiwa ni kwa faida yao wenyewe, na maneno hayo mimi huyaogopa mpaka leo, hata yakisemwa na mtu mwenye tabasamu.

Halmashauri zilikuwa zimeshafutwa mwaka 1972, na 1976 vikafuata vyama vikuu vya ushirika. Mkulima akabaki hana pa kusemea wala pa kuuzia ila kwa yule yule anayempangia bei. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta halmashauri na ushirika yalikuwa makosa. Namheshimu kwa hilo, maana viongozi wanaoyataja makosa yao waziwazi ni wachache. Ila tangu halmashauri zifutwe hadi akiri ilipita miaka 12, na ujana wa mtu haurudishwi na halmashauri.

Zenyewe ziliporudi, 1984, zilirudi na kodi ya maendeleo. Sisi tuliiita kodi ya kichwa. Mgambo walikuja alfajiri. Nimelala siku mbili kwenye mibuni na blanketi la bibi yenu, mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu sikuwa na stakabadhi. Kodi hiyo ilifutwa 2003, na wengi wenu mlizaliwa baada ya hapo. Hamjui habari ya mtu kujificha kwa kosa la kuwa na kichwa.

Basi yule kijana akisema kichwa ni chake, namwelewa kuliko anavyodhani. Tatizo ni kwamba nyuma yake nilikuwa nimekaa mimi. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapa mchana na usiku, na mnajua yanavyoshuka mteremko wa Senjele breki zikigoma. Akiwa peke yake shambani kwake, avae kofia, asivae, hilo ni lake. Barabarani ana abiria, ana mwenye lori, ana mama yake atakayeuza robo eka kulipia matibabu. Katiba yetu imeliweka hilo katika ibara ya 30: uhuru wa mmoja usitumike kukatiza uhuru wa wengine. Hapo sheria imesimama mahali pake.

Sasa askari anayemsimamisha akimwandikia faini kihalali, alipe. Akidai ya chai, hiyo si serikali tena, ni mtu mwenye njaa aliyevaa sare. Na hapa ndipo mnaponiudhi ninyi. Mnatoa hiyo elfu mbili haraka haraka kwa kuwa ni nafuu kuliko faini, halafu jioni kijiweni mnalaani rushwa. Mliinunua wenyewe asubuhi!

Serikali nayo ina mahali isipopaswa kukanyaga. Mwaka 2017 ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, watu wa kwetu, ambao kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni kutembea tu, walibaki wakiangalia bei inaanguka. Nililipinga jambo hilo na bado nalipinga. Gunia ni la aliyelipalilia.

Lakini kupinga kuna namna yake. Alikuwepo mkulima wa Mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe Joseph. Shamba lao la kimila lilikwenda wakati wa Operesheni Vijiji, ile ile iliyowahamisha wajomba zangu. Mwaka 1987 walifungua kesi, wakashinda. Kisha 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi za vijiji vile, na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Hawakuchoma ofisi, wala hawakukaa kijiweni kunung'unika. Walikwenda mahakamani kuishitaki sheria yenyewe, na 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikatamka kwamba ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Shamba la babu yenu, hili mnalogombea mipaka, linalindwa na neno hilo la wakulima wawili ambao hamjawahi hata kuwasikia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza: halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Hapo ndipo serikali inapowekewa mpaka, chini ya mti, kwa kunyoosha mkono. Katika kijiji kimoja jirani, mwekezaji aliomba eneo. Waliofika ni wazee na akina mama wachache, vijana hakuna hata mmoja. Walikuwa kwenye mpira. Eneo likapita. Wiki iliyofuata vijana wakaja kwangu kuuliza nani ameuza malisho.

Nikawauliza, siku ile nani alishinda? Wakanitajia na mabao.

Tangazo la mkutano wetu limebandikwa ubaoni, Jumamosi saa nne asubuhi. Mapato na matumizi yatasomwa, na kuna habari ya ule mchango wa zahanati ambao risiti zake sijaziona. Mimi nitakaa mbele, masikio yangu si ya zamani. Anayekuja na pikipiki anipitie; nauli ninayo, na kofia ya pili nitaileta mwenyewe.