Je, Alipaye Ada ya Kuvunja Mkataba Ametimiza Ahadi?



Hakuna taifa lisilosifu kutimiza ahadi. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na Sura Al-Maida katika Kurani Tukufu inaanza kwa kuwaamuru waaminio watimize mapatano yao. Kila mwenye akili timamu anakiri kwamba mtu asiyeshika neno lake hafai kuaminiwa katika jambo dogo wala kubwa.

Lakini zama zetu zimeleta mikataba ya namna ya pekee, ambayo ndani yake yenyewe imeandikwa bei ya kuivunja. Mtu huahidi, na papo hapo huambiwa: ukitaka kuiacha ahadi hii, utalipa kiasi fulani. Basi ni wajibu wetu kuuliza: alipaye bei hiyo na kuondoka, je, ametimiza ahadi au ameivunja? Tena, kama bei hiyo ilifichwa, au ni nzito kupita kiasi, je, ana ruhusa ya kuikwepa kwa hila? Maswali haya yaonekana madogo, lakini humfikia mtu nyumbani kwake na kumpima ukweli wake wakati hakuna amwonaye.

Tuchukue mfano wa televisheni ya kulipia. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea kununua king'amuzi na dishi, kisha kulipia kila mwezi kabla ya kutazama. Mwezi asiolipa, picha hukatika, wala hadaiwi kitu. Nchini Marekani mambo yamekuwa tofauti. Kampuni za satelaiti huko zimezoea kumfungia mteja mitambo kwa gharama ndogo, zikampa bei ya punguzo, na kumtaka atie sahihi kwamba atabaki nao kwa miezi 24. Katika mikataba mingi ya namna hiyo, aondokaye mapema ametozwa dola 20 kwa kila mwezi uliobaki. Aondokaye mwanzoni kabisa hulipa hadi dola 480. Aondokaye ikiwa imebaki miezi 12 hulipa dola 240. Ndugu zetu wengi waliohamia nchi hizo hukutana na karatasi hiyo katika wiki zao za kwanza, nayo imeandikwa kwa lugha wasiyoizoea, na mara nyingine mfasiri wao ni mtoto wa shule.

Sasa na tutazame swali la kwanza. Mwanasheria mashuhuri wa Marekani, Oliver Wendell Holmes, alitoa mwaka 1897 hotuba iliyojulikana sana, ambamo alieleza kwamba, kwa macho ya sheria, wajibu wa kutimiza mkataba si zaidi ya kujua kwamba usipoutimiza utalipa fidia. Kwa maneno mengine, sheria humpa mtu hiari mbili: fanya ulilosema, au lipa. Holmes mwenyewe alikuwa akieleza sheria tu, naye alionya kwamba sheria na maadili visichanganywe. Lakini watu wengi wamelichukua wazo hilo na kulifanya dini yao. Husema: maadamu nina fedha za kulipa, neno langu halinifungi.

Jawabu letu ni kwamba yapasa kutenganisha ahadi za namna mbili. Kuna ahadi ambayo kiini chake ni kitendo chenyewe, wala fedha haiwezi kusimama mahali pake. Aliyeahidi kutunza siri akaitoa, aliyeahidi kumlea yatima akamtupa, au aliyefunga ndoa akaisaliti, hawezi kusema nimelipa, yamekwisha. Fidia yaweza kupunguza madhara, lakini ahadi imebaki imevunjwa, na mwenye kuivunja hana budi kutubu.

Kuna pia ahadi ambayo pande zote mbili zimeifanya kwa kujua kwamba ina milango miwili. Kampuni imesema wazi: nimekupunguzia bei na kukufungia mitambo kwa kutumaini kwamba utabaki miezi 24, ukiondoka kabla, nirudishie sehemu ya hasara yangu. Mteja amesikia, ameelewa, amekubali. Mtu huyu hakuahidi kubaki tu; ameahidi kubaki au kulipa. Akilipa ada yake yote na kurudisha vyombo vya watu, ametimiza neno lake. Hana dhambi ya kusumbukia moyoni, wala hana haja ya kuona haya mbele ya mtu yeyote. Kadiri ada inavyopungua kila mwezi ndivyo inavyoonyesha kwamba ilikusudiwa iwe fidia na si adhabu, kwa sababu hasara ya kampuni nayo hupungua.

Tofauti hii ya fidia na adhabu si uzushi wetu. Mwaka 1914 Baraza la Mabwana la Uingereza, katika shauri la kampuni ya matairi ya Dunlop, lilieleza kwamba kiasi kilichotajwa katika mkataba chaweza kudaiwa kikiwa makadirio ya kweli ya hasara, lakini si kikiwa kitisho cha kumwogofya mtu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 74 chenye asili yake katika sheria ya India ya mwaka 1872, humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Hivyo hata mahakama za wanadamu zimetambua kwamba sahihi ya mtu haimhalalishii mwenzake kumkamua.

Hapa ndipo tunapofikia upande wa kampuni, maana ahadi ina watu wawili. Mwezi Machi 2015 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya DirecTV, ikidai kwamba matangazo yake yalitaja bei ya punguzo ya miezi 12 bila kuonyesha wazi kwamba mteja anafungwa kwa miaka miwili, na kwamba katika mwaka wa pili bei yaweza kupanda kwa hadi dola 45 kwa mwezi. Kampuni ilikana. Mwaka 2018 jaji aliona kwamba sehemu kubwa ya madai haikuthibitishwa, na baadaye mwaka huohuo Tume ikaiondoa kesi yake. Hatuna haki ya kuihukumu kampuni hiyo kuliko mahakama ilivyohukumu. Lakini hebu tufanye hesabu ya mkataba wowote wa namna hiyo. Bei ikipanda dola 45 kwa miezi 12, mteja atalipa dola 540 zaidi akibaki, na dola 240 akiondoka. Mtu aliyezijua hesabu hizi tangu mwanzo amechagua kwa hiari. Asiyezijua amekutana nazo kama mtego.

Basi, muuzaji aliyeliandika sharti lake zito kwa herufi ndogo mahali pasipotazamwa, akajisifu kwamba sheria haikumkamata, bado ana kesi nyingine mbele ya Mwenyezi Mungu. Sura Al-Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo. Naye afichaye urefu wa mkataba amepunja vilevile, kwani amemwonyesha mnunuzi nusu ya bei. Serikali nyingine zimeanza kuliona jambo hili. Nchini Uingereza, tangu tarehe 17 Januari 2025, mikataba mipya ya simu, intaneti na televisheni ya kulipia hairuhusiwi kupandisha bei kwa kufuata mfumuko wa bei usiojulikana; kama bei itapanda katikati, kiasi chake sharti kitajwe kwa pauni na peni tangu mwanzo. Na Marekani, mwezi Desemba 2023, Tume ya Mawasiliano ilitoa pendekezo la kuzikataza kampuni za kebo na satelaiti kutoza ada ya kuondoka mapema.

Huenda msomaji akasema: ikiwa kampuni zenyewe zinaficha, kwa nini nami nisitumie hila nikajiokoa? Swali hili ni la hatari kuliko yote, kwa kuwa linakuja limevaa nguo za haki.

Hila hizo zajulikana. Mmoja husema mwenye mkataba amefariki, kumbe ndiye anayezungumza katika simu. Wa pili hujidai ni askari aliyehamishwa, kwa kuwa sheria ya Marekani huwaruhusu askari wanaohamishwa kwa siku 90 au zaidi, hadi mahali huduma haifiki, kuvunja mikataba ya aina hii bila ada. Wa tatu hudai amehamia nyumba ambayo dishi haliwezi kuona satelaiti. Wa nne huizuia benki isilipe, akanyamaza, hadi deni lake likabidhiwe wakusanya madeni na sifa yake ya kukopa ichafuke. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata ingekuwa ndefu, tazama nani anaumia. Mjane anayepiga simu kweli, siku chache baada ya mazishi, huombwa cheti cha kifo na kuulizwa maswali kama mshukiwa, kwa sababu waongo walimtangulia. Haki iliyowekwa kwa ajili ya aliyefiwa imeharibiwa na mtu aliyetaka kuokoa dola 200.

Tena, dhuluma ya mwingine haigeuzi uongo wangu kuwa ukweli. Tukumbuke mkataba wa Hudaibiya wa mwaka 628. Moja ya masharti yake ilikuwa kwamba mtu wa Makka atakayekuja kwa Waislamu bila ruhusa ya walii wake atarudishwa. Wakati mkataba huo ukiandikwa, akafika Abu Jandal (r.a.) akiburura minyororo, ameteswa kwa sababu ya imani yake, na baba yake Suhail ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi. Suhail alidai arudishwe. Masahaba waliungua mioyo. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimwombea aachiwe, na Suhail alipokataa, alimtaka Abu Jandal avumilie, akarudishwa. Neno lilikuwa limekwisha kutolewa. Ikiwa sharti chungu kiasi hicho lilishikwa, sisi tutatoa udhuru gani kwa ajili ya picha za kutazama sebuleni?

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, nao usisahauliwe. Washirika wa Makureshi walipowashambulia washirika wa Waislamu na Makureshi wakawasaidia, mkataba ulikuwa umevunjwa na wao, na Waislamu hawakufungwa nao tena. Kadhalika mteja: kampuni ikibadili masharti aliyokubali, au isipotoa huduma iliyoahidi, ana haki ya kudai mkataba ukome bila ada. Na adai kwa uwazi, kwa barua na kwa ushahidi, wala asitoroke usiku. Kudai haki si ukaidi. Katika ujana wake Mtukufu Mtume (s.a.w.) alihudhuria maafikiano ya Hilful-Fudhul, yaliyofanywa baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kunyimwa bei ya mali yake pale Makka, naye hata baada ya utume aliyataja maafikiano hayo kwa sifa. Kumsaidia mgeni asiyejua lugha kuusoma mkataba wake, au kuandika malalamiko yake, ni kazi ya namna hiyohiyo.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, yafaa ufanye haya:

Kwanza, kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne: mkataba ni wa miezi mingapi, bei ya mwezi wa kumi na tatu ni kiasi gani, ada ya kuondoka hupunguaje, na vyombo ni vya nani. Usione haya kuuliza mara mbili, wala usimtwike mtoto mzigo wa kufasiri peke yake.

Pili, mkataba ukisha kuwapo, hesabu gharama ya kubaki na ya kuondoka. Mara nyingine yafaa kungoja miezi michache hadi ada iishe.

Tatu, huenda kampuni mpya ikajitolea kukurudishia ada uliyotozwa na ile ya zamani, hadi kikomo fulani. Kukipokea kipawa hicho si kosa. Lakini fahamu kwamba mara nyingi utalipa kwanza wewe, kisha utangoje. Na onyesha hati ya kweli, bila kuongeza hata senti moja. Fahamu pia kwamba mkono unaokutoa katika mkataba mmoja waweza kuwa unakutia katika mwingine.

Nne, rudisha king'amuzi na vyombo vya watu kama vilivyo, uchukue stakabadhi. Vile ni amana.

Tano, kama kweli unadaiwa, lipa. Dawa ya deni ni kulipa.

Mtu mpya katika dini hutazamwa na jirani zake kuliko anavyodhani. Hawazijui sala zake za usiku, bali wanajua kama neno lake latimia. Aliyezoea kujinasua kwa uongo katika mkataba wa dola 20 anaufundisha ulimi wake njia, na siku atakapotakiwa kutimiza ahadi isiyo na bei ulimi huo utaitafuta njia ileile. Naye aliyelipa alichokubali, ingawa kilimuuma, amejifunza kwamba neno lake lina uzito.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wakweli katika mapatano yetu, wenye kuuza na wenye kununua, na atuepushe na hila za wengine na hila za nafsi zetu. Amin.