Mchimbaji Anayeacha Njia ya Kupingwa

Siku nzima ya kazi katika handaki la akiolojia huishia kwenye kina ambacho mchimba kisima angekimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kamba imefungwa kwenye vigingi vinne, watu wamepiga magoti, udongo unakwanguliwa kwa mwiko wa mwashi, unazolewa kwa karai, unapitishwa kwenye chekecheke, na kila kigae kinatiwa katika mfuko wenye namba ya tabaka kilimotoka. Udongo ukibadilika rangi, kazi husimama mpaka badiliko hilo lichorwe na kupigwa picha. Mpita njia akiuliza wamepata nini, ataonyeshwa vipande vya vyungu, mifupa ya samaki, pengine ushanga mmoja. Ataondoka akitikisa kichwa, wala simlaumu, maana anadhani wanatafuta mali. Wao wanatafuta ushahidi, tena ushahidi wenye tabia mbaya kuliko ule wa mahakamani, kwa sababu kuusoma ni kuubomoa. Tabaka likishaondolewa halirudi, na hakuna atakayekuja kulichimba mara ya pili ili ahakikishe.

Ndiyo sababu naona uadilifu wa kazi hii haupimwi kwa thamani ya kilichopatikana, wala hata kwa usahihi wa aliyechimba. Kipimo chake ni kigumu zaidi: je, ameacha kumbukumbu za kutosha kumwezesha mtu mwingine, asiyemjua na asiyempenda, kuonyesha kwamba alikosea?

Tazama Kilwa Kisiwani. Simulizi za kale za mji huo zinasema nasaba yake ya kwanza ya masultani ilitoka Shirazi, na hesabu ya miaka yake inatufikisha karne ya 10. Neville Chittick, Mwingereza aliyechimba hapo katika miaka ya 1960, alizilinganisha sarafu za Ali bin al-Hasan, sultani wa kwanza katika simulizi hizo, na tabaka zilimotoka, akahitimisha kwamba nasaba hiyo ilianza mwishoni mwa karne ya 12. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1974, pamoja na michoro. Miaka kumi baadaye, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ikiwa na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi wa Misri. Katika zile za fedha mlikuwa na jina la Ali bin al-Hasan. Na dinari zilizolala nazo zilikuwa na tarehe, za mwisho zikiwa za karne ya 11. Mark Horton na wenzake wakajenga hoja kwamba Ali arudishwe nyuma kwa takriban karne moja. Akiba hiyo ingeangukia mikononi mwa msaka hazina, dhahabu ingeuzwa kwa sonara, fedha ingetawanyika, na hakuna ambaye angejua kwamba sarafu zile zilikuwa majirani. Huo ujirani ndio uliokuwa ushahidi wote. Nami humhesabia Chittick heshima kwa jambo hili hili: alipingika. Aliandika alichokikuta, wapi, na juu ya nini, hata waliokuja baadaye wakapata pa kushika.

Huku kwetu juu ya ardhi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akiulizwa fedha zilivyotumika huonyesha darasa lililosimama. Darasa zuri, bati linang'aa. Stakabadhi je? Akiulizwa hivyo hukasirika, kana kwamba ametukanwa, ilhali fundi wa handaki huulizwa hivyo kila jioni na hajawahi kudai kwamba anashukiwa wizi.

Yapo mapingamizi dhidi ya kipimo hiki. La kwanza ni kwamba kumbukumbu yenyewe hufuata macho ya mwandishi wake, na hii ni kweli kabisa. Wachimbaji wa kizazi cha Chittick walivutwa na majumba ya mawe na misikiti. Nyumba za udongo na nyua za wazi hazikuulizwa mengi. Huko Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, ilibidi tungoje mpaka mwaka 2009 na kuendelea ndipo Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walipouliza kwa bidii kuhusu nafasi zile zilizo wazi kati ya majengo, hata kwa kupima kemikali za udongo. (Na vibarua, ambao mara nyingi ndio wanaowahi kuhisi udongo umebadilika, majina yao ni nadra kuonekana kwenye jalada.) Lakini pingamizi hili halinishindi, linanisukuma mbele tu: ikiwa hatujui tutakachokuja kuuliza, basi sehemu ya eneo iachwe bila kuguswa, kwa ajili ya wenye maswali bora kuliko yetu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Bahari haingoji maswali bora. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, mawimbi yakiwa miongoni mwa sababu, yakatolewa mwaka 2014. Palipo na mmomonyoko, kuacha ni kupoteza. Hapo pachimbwe, upesi, lakini daftari lisiachwe nyumbani. Hata pasipo na bahari, kuacha si kwenda zako. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilifukiwa baada ya kuchimbuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 na 1979. Mbegu za migunga zilizokuwamo kwenye udongo wa kufukia zikaota, na mizizi ikaanza kutishia kilichohifadhiwa. Katikati ya miaka ya 1990 ikabidi miti ikatwe, nyayo zifunuliwe, zipimwe upya, kisha zifukiwe tena chini ya tabaka za mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Kwa hiyo anayependekeza tuwaachie wajukuu, aonyeshe pia katika bajeti ni nani atakayelipwa kung'oa miche.